Choo Kilicho Nje ya Mlango: Kurekebisha Makazi ya Wazee wa Riruta

Kurekebisha makazi kwa ajili ya wazee ni kazi ya kubadilisha sehemu za nyumba na za mazingira yake, kama vile sakafu, vizingiti, ngazi, taa, bafu na choo, ili mtu ambaye magoti yake yamelegea au macho yake yamefifia aendelee kujifanyia shughuli zake za kila siku bila kumngoja wa kumshika mkono. Maarifa mengi kuhusu kazi hii yamekusanywa katika nchi tajiri, na ndani yake mna dhana ambayo haielezwi kwa sababu huko haihitaji kuelezwa, kwamba mlango wa nyumba ukifungwa, choo, bafu, maji na jiko vyote hubaki upande wa ndani pamoja na mwenye nyumba. Riruta, na kwa majirani zake Kawangware na Kibera katika upande wa magharibi wa Nairobi, dhana hiyo haisimami. Mpangaji wa chumba kimoja akifunga mlango usiku, choo kinabaki nje, bomba linabaki nje, na kati yake na vitu hivyo kuna ua wa watu wengi, mtaro na giza. Kwa hiyo swali la namna ya kurekebisha nyumba hutanguliwa huku na maswali mawili mengine: nyumba ya mzee inaishia wapi, na ukuta anaoushika akijiinua ni wa nani.

Wataalamu hupima kujitegemea kwa orodha za shughuli. Mwaka 1963 daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walichapisha orodha ya shughuli sita za msingi, ambazo ni kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1969 M. Powell Lawton na Elaine Brody wakaongeza shughuli za daraja la pili, kama kupika, kufua, kununua mahitaji, kutumia simu, kunywa dawa kwa utaratibu na kusimamia pesa. Lawton huyo huyo, akishirikiana na Lucille Nahemow mwaka 1973, alieleza kwamba kila mtu ana kiasi fulani cha uwezo na kila mazingira yana kiasi fulani cha shinikizo, yaani ugumu ambao mahali humwekea mtu anayepatumia, na kwamba mtu hujitegemea pale viwili hivyo vinapolingana. Uwezo ukipungua kwa uzee, mara nyingi ni rahisi zaidi kulipunguza shinikizo kuliko kuurudisha uwezo. Nadharia hii ni nzuri na inafaa mahali popote, mradi msomaji wake aulize kwanza shinikizo liko wapi. Katika ploti ya Kawangware, ploti kwa maana ya Nairobi ya kiwanja chenye safu za vyumba vya kupangisha vinavyotazamana na kutumia choo, bafu na bomba kwa pamoja, shughuli mbili kati ya sita za Katz hufanyika nje ya chumba, kufua hufanyika nje, na kupika huanza kwa kuchota maji nje. Fundi atakayerekebisha chumba peke yake atakuwa amerekebisha mahali pa kulala.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 47.6, na kati yao kiasi cha milioni 2.7 walikuwa na umri wa miaka 60 na zaidi, umri ambao Katiba ya mwaka 2010 inautumia kumtambua mzee. Wengi wao wako mashambani, na kwa muda mrefu wapangaji wa sera wamejiliwaza kwamba jiji ni la vijana na kwamba mtu akichoka hurudi ushago, yaani kijijini kwao. Wazo hilo lina ukweli wake, lakini katika eneo hili yapo makundi mawili ambayo haliyahusu hata kidogo. La kwanza ni jamaa za Wakikuyu wa Dagoretti, ambako Riruta imo. Ardhi hii ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kiambu hadi mipaka ya jiji iliposogezwa mwaka 1963, kwa hiyo guka na cucu, yaani babu na nyanya, wa Riruta hawakuhamia Nairobi, bali Nairobi ndiyo iliyowahamia, na ushago wao ni pale pale matatu zinapogeuzia. La pili ni Wanubi wa Kibera, wazao wa wanajeshi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles waliopewa makazi huko mwanzoni mwa karne ya 20, ambao hawana kijiji kingine cha kurudi na ambao walikabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Pamoja na hao wapo wapangaji waliofika jijini wakiwa vijana, wakazeekea katika kodi: mjane ambaye ukweni hana nafasi tena, mzee ambaye shamba la babake liligawanywa kwa nduguze, nyanya anayelea wajukuu wanaosoma shule za mtaani na hawezi kuwahamisha.

Makundi haya yanatenganishwa na jambo ambalo vitabu vya usanifu hulitaja kwa nadra, yaani umiliki. Riruta na sehemu kubwa ya Kawangware ardhi ni ya watu binafsi wenye hati, matokeo ya usajili uliofanywa katika nchi ya Wakikuyu katika miaka ya 1950 chini ya mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na mzee mwenye hati aweza kuvunja kizingiti chake leo mchana bila kumuuliza mtu. Kibera, nje ya ile ardhi ya Wanubi, sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, na anayeitwa mwenye nyumba ni mwenye jengo tu, asiye na haki ya kudumu juu ya udongo jengo liliposimama. Mtu wa namna hiyo hana sababu kubwa ya kumwaga zege la kudumu, na mpangaji wake ana sababu ndogo zaidi. Julai 2018 nyumba za maelfu ya wakazi wa Kibera zilibomolewa kupisha barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na kila kishikio kilichokuwa kimefungwa humo, kama kilikuwapo, kilikwenda na mabati. Kwa wakazi wa mahali kama hapo, rekebisho linalofaa ni lile linaloweza kung'olewa na kubebwa. Ni kanuni ambayo miongozo ya nchi tajiri haiipi uzito, na ingefaa iwe ya kwanza katika mwongozo wowote utakaoandikwa Nairobi.

Sababu kuu ya kitabibu ya kufanya kazi hii ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, idadi inayozidiwa na ajali za barabarani tu miongoni mwa vifo vya majeraha yasiyokusudiwa, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Asiyekufa aweza kuvunjika nyonga, na nyonga iliyovunjika isipopasuliwa mapema humfanya mtu aliyekuwa akienda sokoni awe mtu wa kugeuzwa kitandani. Kuhusu kinga, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2023 yalionyesha kwamba kuondoa hatari za kuanguka nyumbani hupunguza matukio ya kuanguka kwa asilimia 26 kwa jumla, na kwa asilimia 38 kwa wale ambao hatari yao ni kubwa tangu mwanzo, kwa mfano waliokwisha kuanguka. Utafiti wa karibu zaidi na hali ya Riruta, ingawa ulifanyika New Zealand, ni ule wa Michael Keall na wenzake uliotolewa katika jarida la Lancet mwaka 2015. Nyumba za kawaida katika eneo la Taranaki zilifungiwa vishikio vya ngazi na vya bafu, taa za nje, kingo za kuonekana kwenye vipandio na sakafu isiyoteleza, na majeraha ya kuanguka yakapungua kwa takriban robo. Katika orodha hiyo hakuna kitu ambacho fundi wa jua kali wa Kawangware hawezi kukitengeneza.

Ugumu unaanza chooni, na hapa ndipo panapostahili kukaliwa kwa muda. Choo cha ploti kwa kawaida ni choo cha shimo au cha kumwagia maji, chenye tundu la kuchuchumaa, chumba chembamba, mlango wa bati na sakafu ambayo kila anayetoka huiacha na maji. Kuchuchumaa na kuinuka tena bila cha kushika ni kazi nzito kwa goti lenye baridi yabisi, na kwa mtu aliyewahi kupata kiharusi ni hatari ya wazi. Wazee wengi wenye shinikizo la damu hupewa tembe zinazoongeza mkojo, na wanaume wengi hupata uvimbe wa tezi dume, kwa hiyo safari ya choo ambayo kijana huifanya mara moja alfajiri, mzee huifanya mara tatu kabla ya jogoo. Katika sehemu za Kibera choo cha karibu ni cha kulipia, na mara nyingi hufungwa usiku. Mzee hujibu hali hii kwa akili yake mwenyewe: hupunguza kunywa maji kuanzia jioni, akaishia kupata kizunguzungu asubuhi, au hutumia ndoo chumbani, katika chumba kimoja anacholala pamoja na mjukuu wa kike wa miaka 14. Yote mawili ni marekebisho, kwa maana mtu amebadilisha maisha yake yalingane na jengo, ilhali kazi inayozungumziwa hapa ni kinyume chake.

Tiba ya choo ina ngazi tatu, na si lazima kuzifikia zote. Ya chini kabisa ni kiti chenye tundu, ambacho seremala hukitengeneza kwa mbao au hukikata kutoka katika kiti cha plastiki kilichoimarishwa miguu, chenye kimo cha sentimita 45 hivi ili magoti yasipinde kupita kiasi. Mchana kiti hicho huwekwa juu ya tundu la choo, usiku huwekwa chumbani juu ya ndoo yenye kifuniko na majivu au vumbi la mbao, nyuma ya pazia, na familia ikihama kinahama nayo. Kiti cha plastiki chembamba kisichoimarishwa ni mtego, kwa sababu miguu yake hupanuka juu ya simiti iliyolowa. Ngazi ya pili ni kuwekea choo kimoja cha ploti vishikio viwili, sakafu iliyokwaruzwa kabla simiti haijakauka, taa, na mlango unaofunguka kwa nje, maana mtu akianguka ndani ya choo chenye mlango wa kufungukia ndani, mwili wake mwenyewe huwazuia waokoaji. Ngazi ya tatu ni kugawa mojawapo ya vyoo vya ploti kiwe cha wazee na wagonjwa, chenye kufuli na funguo kwa wahusika. Ngazi hii inahitaji simiti kidogo na maelewano mengi, kwa kuwa katika ploti ambapo familia nyingi hupanga foleni asubuhi, choo kilichofungwa ni chanzo cha ugomvi, na keateka, yaani msimamizi wa ploti, ndiye atakayeubeba.

Vishikio vyenyewe vina ufundi wake. Miongozo ya kigeni huagiza kishikio kifungwe ukutani kwa skrubu ndefu, lakini ukuta wa bati lililopigiliwa kwenye fremu ya mbao hauwezi kubeba uzito wa mtu anayeanguka, na ukuta wa udongo na fito huachia skrubu siku ya kwanza. Kishikio kilichofungwa mahali dhaifu ni kibaya kuliko kukosa kishikio, kwa sababu mtu hukitegemea kwa moyo wote. Njia ifaayo ni bomba la chuma lililochimbiwa ardhini kwa zege kando ya choo au mlango, lenye unene ambao kiganja hulizunguka kwa urahisi, yaani karibu sentimita nne, na lililopigwa msasa na rangi ya mafuta ili lisiwe na makali ya kuchomelea. Fundi wa geti anayechomelea kando ya Naivasha Road hutengeneza vitu vigumu zaidi ya hivyo kila siku. Kinachokosekana ni wa kumwambia kimo, na kimo hupimwa kwa mzee mwenyewe akiwa amesimama na viatu vyake, mkono ukiwa umelegea ubavuni, bomba lifike kwenye kifundo cha mkono. Takwimu za vitabu, ambazo huangukia kati ya sentimita 85 na 95 kwa vishikio vya ngazi, zitampita bibi aliyepinda mgongo.

Kutoka chooni hadi mlangoni kuna njia, na udongo mwekundu wa Dagoretti ukinyeshewa na mvua za masika huteleza hata kwa kijana mwenye buti. Vizingiti vya vyumba vimeinuliwa makusudi ili maji ya ua yasiingie, kwa hiyo ushauri wa kawaida wa kuondoa vizingiti hauwezi kufuatwa huku bila kumlaza mzee katika dimbwi. Hata mteremko, yaani njia ya kuinama badala ya kipandio, hukutana na hesabu ngumu: kanuni inayotumika duniani ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda ihitaji sentimita 12 za urefu, kumaanisha kuwa kizingiti cha sentimita 15 kinadai mteremko wa sentimita 180, na ushoroba kati ya safu mbili za vyumba mara nyingi hauna upana huo. Suluhisho la busara ni nusu-kipandio pande zote mbili, nguzo ya kushika mlangoni, na mstari wa rangi nyeupe kwenye ukingo, kwa kuwa ndani ya jicho la mtu wa miaka 60 hufika karibu theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20, na jicho hilo hupata shida kutofautisha simiti ya kijivu na kivuli chake. Mkebe mdogo wa rangi unatosha ploti nzima. Mtaro ulio wazi unaopita katikati ya ua ufunikwe kwa slabu, na gharama hiyo ni halali kuwa ya mwenye ploti, kwani watoto nao huangukia humo.

Ndani ya chumba, hasa kile cha futi 10 kwa 10 kilichozoeleka Kibera, tatizo ni wingi wa vitu katika nafasi ndogo. Vitanda huinuliwa juu ya mawe ili mitungi, magunia na masanduku yakae chini yake, na kitanda kilichoinuliwa hivyo humlazimu mzee kujirusha anaposhuka; kukishusha hadi kimo cha goti ni rekebisho lisilogharimu chochote isipokuwa kutafuta mahali pengine pa magunia, jambo ambalo si dogo. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na si rahisi kwa tiba ya mazoezi kumrudishia mwanamke wa miaka 75 uwezo wa kuuinua, lakini pipa lenye bomba dogo chini, lililowekwa juu ya stuli na kujazwa na mchuuzi wa mkokoteni, humfanya asiinue zaidi ya kikombe. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti chumba cha mabati kisicho na dari huwa baridi usiku kucha. Wazee wengi huingiza jiko la makaa ndani na kufunga dirisha, na gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka humo huua bila harufu. Dari ya kadibodi, magunia au mbao nyembamba iliyowekwa chini ya bati, ambayo kwa kawaida haionekani katika orodha za vifaa vya wazee, huenda ikaokoa maisha mengi kuliko vishikio, ila isiguse nyaya, hasa mahali ambapo stima ni ya kuunganishwa kienyeji.

Hali ni tofauti katika maghorofa ambayo yamekuwa yakimea Riruta na Kawangware kwa miaka mingi sasa, mengi bila lifti. Humo choo kimo ndani, kwa hiyo tatizo la usiku limetatuliwa, lakini tatizo la mchana limezaliwa, kwa kuwa mzee wa ghorofa ya tano hushuka mara moja kwa juma, kisha mara moja kwa mwezi, kisha hashuki. Jibu la kawaida, kwamba wazee wapewe vyumba vya chini, halifanyi kazi kandokando ya barabara zenye biashara, kwa sababu chini ni maduka, na duka hulipa kodi kubwa kuliko chumba. Hata miradi ya serikali haikukwepa mvutano huu: nyumba 822 za Soweto Mashariki zilizokabidhiwa wakazi wa Kibera mwaka 2016 chini ya mpango wa uboreshaji wa mitaa ya mabanda uliozinduliwa mwaka 2004 ziliwapa watu choo cha ndani na maji ya bomba, na wakati uo huo zikawapandisha ngazi watu waliokuwa wamezoea kuishi chini, mlango wazi, majirani wakiona kama wameamka. Kuona huku kwa majirani hakumo katika ramani ya msanifu yeyote, ingawa ndiko kengele ya dharura ya mtaa wa chini. Kwa mzee anayeanza kusahau, hasara ni kubwa zaidi, maana katika ploti akipotea hurudishwa na watoto wa jirani, na katika ghorofa familia inayotoka kwenda kazini hushawishika kumfungia.

Sheria zipo, lakini hazikutani na chumba cha kupanga. Ibara ya 57 ya Katiba inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia na Serikali, na ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayotosheleza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo nafasi yake imechukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025, iliagiza majengo ya umma yarekebishwe, nayo ploti si jengo la umma. Kanuni mpya za ujenzi za mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka 1968, zitawabana wanaojenga kwa kibali, ilhali safu nyingi za mabati hazikuwahi kuwa na kibali wala ramani. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inamlinda mpangaji wa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi asipandishiwe ovyo, lakini haimpi haki ya kutoboa ukuta. Mjane wa Riruta, naye, analindwa na Sheria ya Urithi, ambayo humpa haki ya kutumia mali ya marehemu mumewe maisha yake yote. Hata hivyo sheria hiyo haisemi kwamba wanawe watakapojenga ghorofa mahali pa nyumba yake ya zamani wamwachie chumba anachoweza kukifikia kwa miguu yake.

Kuhusu fedha, Japani iliyoanzisha bima ya matunzo ya muda mrefu mwaka 2000 humruhusu mzee atumie hadi yeni 200,000 kwa marekebisho ya nyumba, akichangia sehemu ndogo, na Uingereza hutoa ruzuku inayoweza kufika pauni 30,000, ambayo hata mpangaji aweza kuiomba. Kenya ina Inua Jamii, ambayo tangu mwaka 2018 huwalenga wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi kwa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho kodi ya chumba kimoja yaweza kukimaliza chote. Kumwambia mpokeaji wake ajiwekee akiba ya kununua bomba la chuma ni mzaha. Chanzo kilicho karibu zaidi ni chama, yaani kikundi cha kuchangiana, na vikundi vya makanisa na misikiti ambavyo huchangisha pesa nyingi kwa mazishi. Desturi hiyo ina heshima yake na hakuna sababu ya kuibeza, ila sehemu ndogo ya mchango wa jeneza ingetosha kiti cha choo, pipa la bomba na taa ya jua miaka kumi kabla jeneza halijahitajika, na viongozi wa vikundi hivi wangeweza kulijadili jambo hili kwa uwazi kuliko wanavyolijadili.

Ushauri wa kitaalamu nao haupo mbali kama inavyodhaniwa. Wataalamu wa tiba ya shughuli, yaani wale wanaomtazama mgonjwa akifanya kazi zake za kila siku na kubuni namna ya kumrahisishia, hufunzwa katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, lakini hufanya kazi zaidi hospitalini, mahali ambapo hawaoni kizingiti wala mtaro. Huko Marekani, mpango uitwao CAPABLE, ulioanzishwa na Sarah Szanton wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, humtuma mtaalamu wa aina hiyo nyumbani kwa mzee pamoja na muuguzi na fundi, na mzee ndiye anayechagua lipi lianze. Kwa Riruta, miguu ya mpango kama huo ipo tayari, maana mwaka 2023 Serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000, wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na vipimo vya presha na sukari. Anayeingia chumbani kupima presha amekwisha kuona kitanda kilichoinuliwa na jiko lililo ndani; akipewa futi ya kupimia, maswali machache na jina la fundi mmoja aliyefunzwa, kazi ya mtaalamu ingebaki kwa wale wachache wenye kiharusi au ulemavu mzito.

Wapo watakaosema kwamba badala ya taabu hii yote wazee wajengewe makao. Nairobi inayo machache, kama Nyumba ya Wazee inayoendeshwa na watawa wa Little Sisters of the Poor huko Kasarani, na Mji wa Huruma unaosimamiwa na serikali ya kaunti, na kwa asiye na mtu kabisa makao hayo ni rehema. Lakini nafasi zake ni chache mno kulinganisha na uhitaji, na mzee wa Riruta aliye na wapangaji, kanisa na kaburi la mumewe katika ardhi ile ile hana sababu ya kuondoka. Tena mzee huyo, mara nyingi, ndiye mwenye ploti. Jambo hili halizingatiwi vya kutosha: sehemu ya wenye kuamua kama choo cha ua kitapata kishikio na kama mtaro utafunikwa ni wazee wenyewe, ambao hulalamika kuhusu magoti yao huku wakikusanya kodi kutoka kwa mpangaji wa rika lao anayepanda kizingiti kile kile. Kaunti ikitaka kuanzia mahali, ingewapunguzia wenye ploti hao sehemu ya kodi ya ardhi kwa kila choo cha uani kitakachokaguliwa na kukutwa na taa, vishikio na mlango wa kufungukia nje.

Lililo la haraka zaidi ni ploti zinazobomolewa sasa ili kujengwa maghorofa. Mwenye hati aliye na umri wa miaka 70 husaini mkataba na wanawe au na mjenzi, ramani huonyesha maduka chini na vyumba juu, na yeye huahidiwa nyumba nzuri katika ghorofa ya kwanza au ya pili, anayoipanda kwa furaha mwaka wa kwanza. Chumba kimoja nyuma ya maduka hayo, chenye choo chake, mlango wa sentimita 90 na kizingiti cha chini, humpunguzia mjenzi kodi ya duka moja. Kisipowekwa kwenye ramani kabla ya msingi kumwagwa, hakitapatikana tena bila kuvunja nguzo, na kwa wakati huo aliyekihitaji atakuwa amekwisha kuacha kushuka.